Barua ya deni usiyoitarajia na watu wanaogonga mlango wakidai: fanya hivi

Mama mmoja jirani yangu alirudi kutoka sokoni jioni akakuta bahasha imesukumwa chini ya mlango. Ndani mlikuwa na karatasi moja. Juu imeandikwa kwa wino mwekundu NOTISI YA MWISHO, chini kuna muhuri uliofifia, na katikati kiasi: shilingi 1,870,000 zilipwe ndani ya saa 48, la sivyo "mali zote zitakamatwa". Usiku ule hakulala. Kulipokucha alituma shilingi 50,000 kwenye namba ya simu iliyoandikwa pale, kuonyesha nia njema, kisha akaanza kutafuta mteja wa cherehani yake. Aliponiletea ile karatasi, mimi nilianza na jina. Jina la kwanza lilikuwa lake. La pili na la tatu yalikuwa ya mpangaji aliyehama chumba kile miaka miwili nyuma. Yeye macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kiasi. Ile 50,000 haijarudi mpaka leo.

Simlaumu hata kidogo. Barua za namna hii huandikwa ili ushtuke, na mtu aliyeshtuka hulipa kwanza, maswali baadaye. Ninachotaka kukuonyesha ni jinsi ya kugeuza huo mpangilio: maswali kwanza. Ninazungumzia sheria za Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake.

Hatua ya 1: Tambua umeshika karatasi gani

Kaa chini, washa taa, isome kuanzia juu. Jina lote, tarehe, kumbukumbu namba, anwani ya aliyeandika, jina la mkopeshaji, kiasi, na mahali unapoambiwa ulipe. Kama malipo yanatakiwa kwenda kwenye namba ya simu yenye jina la mtu binafsi, simama hapo hapo.

Karatasi zinazokuja majumbani ni za aina tatu, na kila moja ina uzito wake.

Ya kwanza ni barua ya madai kutoka kwa mkopeshaji au kampuni aliyoipa kazi ya kukusanya. Hata ikiandikwa AMRI kwa herufi kubwa, haiwezi kukuamuru kitu. Ni mtu anayedai, basi. Hana mamlaka ya kuingia kwako kwa sababu tu ya karatasi hiyo.

Ya pili ni notisi ya wakili. Hii inakwambia kwamba usipolipa ndani ya siku kadhaa, mara nyingi 7 au 14, utafunguliwa kesi. Bado hakuna hukumu. Lakini usiitupe, maana aliyefika kwa wakili ameshaanza kugharamika na pengine hatarudi nyuma.

Ya tatu ni karatasi ya mahakama: wito, au hati ya kukamata mali. Ina jina la mahakama, namba ya shauri, majina ya pande zote mbili, saini na muhuri. Hii ndiyo isiyosubiri. Siku hizi wapo wanaoiga mwonekano wake, wakabandika nembo ya taifa juu ya barua ya kampuni, kwa hiyo chukua ile namba ya shauri uende masjala ya mahakama iliyotajwa, uwaulize kama shauri hilo lipo. Kuuliza huko hakuna ubaya wowote, na hutaonekana mjinga.

Wito ukiwa wa kweli, upokee. Kuukataa au kujificha hakuzuii kesi. Kunamrahisishia mdai kusikilizwa upande mmoja, na hukumu ikapita wewe ukiwa nyumbani. Kwenye mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, utetezi wa maandishi unatakiwa ndani ya siku 21 tangu ulipopewa wito. Mahakama ya mwanzo wewe fika tarehe uliyopangiwa, na vielelezo vyako mkononi.

Hatua ya 2: Usilipe, usiahidi, usisaini, mpaka ujue

Hata elfu tano ya kumtuliza mtu, iache kwanza. Ukilipa kidogo kwenye deni lisilo lako, umempa mdai ushahidi wa kusema "mbona alishaanza kulipa?" Na kama deni ni la zamani, kuna jambo la ukomo. Madai ya mkataba wa kawaida yana miaka 6 ya kufikishwa mahakamani, kuanzia siku ulipotakiwa kulipa ukashindwa. Ukilipa sehemu au ukikiri kwa maandishi kabla miaka hiyo haijaisha, hesabu inaanza upya. Mkopo uliowekewa rehani ya ardhi una hesabu yake nyingine, na deni ambalo tayari lina hukumu lina miaka 12.

Sikufundishi kukimbia deni. Deni lako ni lako, na nitafika huko. Nasema ujue kwanza unakiri nini.

Hatua ya 3: Jiulize deni hili limetoka wapi

Mara nyingi barua ya kushtukiza ina historia yake. Anza na jina na makazi, kama ilivyokuwa kwa jirani yangu. Mpangaji aliyekutangulia, ndugu mnayefanana majina, mtoto aliyetumia anwani ya nyumbani.

Kisha angalia laini za simu. Ukinunua laini ambayo zamani ilikuwa ya mtu mwingine, unaweza kurithi na wadai wake. Kinyume chake pia hutokea: laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua, ikakopewa. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa jina lako, na usiyoitambua nenda kwa mtandao husika wakaifute.

Halafu kuna hili la ujumbe: "Mwambie ndugu yako fulani alipe, wewe ni mdhamini wake." Hujawahi kusaini chochote. Kilichotokea ni kwamba mkopaji alipakua programu ya mikopo, ikavuta majina yote ya kwenye simu yake, na wewe umo. Kuwemo kwenye orodha ya simu ya mtu hakukufanyi mdhamini. Udhamini ni mkataba, na mkataba unahitaji ridhaa yako.

Kama kweli ulisaini kudhamini, habari ni nyingine, na wengi huumia hapa kwa kutojua. Sheria ya mikataba humweka mdhamini kwenye deni sawa na mkopaji, isipokuwa mkataba wenyewe umesema tofauti. Mdai halazimiki kummaliza mkopaji ndipo aje kwako. Lakini angalia jambo moja: kama baada ya wewe kusaini walibadilisha masharti, kwa mfano wakamwongezea mkopo juu ya mkopo bila kukushirikisha, una hoja nzito ya kutobeba hayo ya baadaye. Omba kuona tarehe zote.

Na deni la marehemu. Mjane anafiwa, arobaini haijafika, wanakuja watu na daftari. Mama, deni la marehemu hulipwa kutoka kwenye mali aliyoacha, kupitia msimamizi wa mirathi, kabla ya warithi kugawana. Mshahara wako, akiba yako ya kikundi, cherehani uliyonunua kwa jasho lako, havimo, kama wewe hukuwa mkopaji mwenza wala mdhamini. Wajibu kwa maneno haya: "Leteni madai yenu kwa maandishi kwa msimamizi wa mirathi."

Hatua ya 4: Jibu kwa maandishi

Simu hupotea hewani. Karatasi hubaki. Nakili hii, ubadilishe palipo na nukta:

*Kwa: ………………*
*Tarehe: ………………*
*YAH: BARUA YENU KUMB. NA. ……… YA TAREHE ………*
*Nimepokea barua yenu inayonitaka nilipe shilingi ……… . Sikiri deni hili. Ili niweze kulijibu, naomba mnipatie: nakala ya mkataba wenye saini yangu; mchanganuo unaoonyesha mkopo wa awali, riba, adhabu na kila malipo yaliyopokelewa; barua ya mkopeshaji inayowapa ninyi idhini ya kukusanya kwa niaba yake; na nakala ya leseni ya mkopeshaji. Mawasiliano yote kuhusu jambo hili yawe kwa maandishi. Naomba msiwasiliane na mwajiri wangu, majirani wala ndugu zangu.*

Chapisha mbili. Moja wabaki nayo, nyingine wakugongee muhuri wa kupokelewa, na tarehe. Kama hawana ofisi unayoweza kuifikia, hilo nalo ni jibu. Tuma basi kwa barua pepe au ujumbe, upige picha ya kioo cha simu.

Leseni naitaja kwa sababu. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji binafsi na kampuni ya mikopo isiyopokea amana wapo daraja la pili na lazima wawe na leseni ya Benki Kuu. SACCOS ni daraja la tatu, VICOBA na vikundi vya kijamii daraja la nne. Orodha ya wenye leseni ipo kwenye tovuti ya Benki Kuu. Novemba 2024 Benki Kuu hiyo hiyo ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Kagua kabla hujatetemeka.

Hatua ya 5: Wakigonga mlango

Hapa nataka nikae kidogo, maana karatasi mtu anaweza kuisoma kesho, ila watu wawili mlangoni wanataka jibu sasa hivi.

Nilikuwa kwa bibi mmoja walipokuja vijana watatu na kirikuu. Walivua kofia. "Shikamoo bibi." "Marahaba wanangu, karibuni." Wakakaa, wakaomba maji, wakaulizia afya na mvua. Kisha mmoja akatoa karatasi: "Bibi, weka dole gumba hapa tu, kuthibitisha kwamba tulifika." Bibi akanyoosha mkono. Nikaomba niisome. Mstari wa kwanza ulisema anakiri kudaiwa shilingi 2,400,000, wa pili kwamba anakabidhi friji na televisheni kwa hiari yake. Mkopo ulikuwa wa mjukuu wake. Adabu yao ilikuwa nzuri kabisa, na ndiyo iliyomfungua mkono.

Kwa hiyo ongea nao ukiwa mlangoni au nje. Huna wajibu wa kumkaribisha ndani mtu aliyekuja kudai, hata kama mila zetu zinakusukuma kumpa mgeni kiti. Uliza mambo manne, kwa sauti ya kawaida: Majina yenu nani? Vitambulisho? Mmetumwa na nani? Mna amri ya mahakama? Andika majibu na namba ya gari au pikipiki. Mpigie mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mjumbe aje awe shahidi. Kisha sema: "Nimewasikia. Nitajibu kwa maandishi. Leo sisaini kitu na sitoi kitu." Rudia maneno hayo hayo kadiri itakavyohitajika. Usitukane, usimpige mtu. Mtoto wako mkubwa arekodi kwa simu akiwa pembeni.

Wasipokuwa na amri ya mahakama, ukawaambia waondoke, wanatakiwa kuondoka. Wakivunja mlango, wakimsukuma mtu au wakibeba kitu kwa nguvu, hiyo imekuwa jinai. Nenda kituo cha polisi, upewe RB, yaani namba ya taarifa uliyoripoti.

Mikopo ya vikundi ina sura yake yenye maumivu zaidi, kwa sababu wanaokuja ni wenzako. Wanawake wanne mliokuwa mkikaa nao kila Jumanne kwenye marejesho wanaingia na afisa mikopo, na mmoja wao anajua kabisa sufuria kubwa iko wapi. Wao wamebanwa walipe kwa ajili yako. Hapa tafuta mkataba wako na fomu ya dhamana. Mkataba unaweza kumpa mkopeshaji haki juu ya kitu ulichokiorodhesha mwenyewe. Haumpi ruhusa ya kuvunja kufuli, wala kubeba godoro ambalo halikuandikwa. Ukikubali kutoa kitu, kiandikwe: ni nini, hali yake, thamani mliyokubaliana, na kiasi kitakachopungua kwenye deni. Friji inayochukuliwa bila kuandikwa thamani huja kuuzwa bei ya chuma chakavu.

Wakisema wanakupeleka polisi: kushindwa kulipa mkopo ni daawa, yaani suala la madai na si jinai, na kukusanya marejesho si kazi ya polisi. Ukiitwa kituoni nenda, usikimbie. Eleza kwamba ni mkataba wa mkopo, onyesha karatasi, na usiandike ahadi ya malipo ukiwa umesimama kaunta na moyo unakwenda mbio. Lakini kama tuhuma yenyewe ni kughushi nyaraka au kujipatia fedha kwa udanganyifu, hiyo ni jinai kweli, na hapo tafuta wakili kabla hujaeleza lolote kwa kirefu.

Hatua ya 6: Akija dalali wa mahakama

Huyu ni tofauti. Ameteuliwa kwa kanuni za madalali wa mahakama za mwaka 2017, anakuja baada ya hukumu na baada ya mdai kuomba kukazia hukumu, yaani itekelezwe. Muombe kitambulisho na hati, soma namba ya shauri na kiasi, piga picha. Usimzuie kwa nguvu. Kumzuia ni kosa jipya juu ya deni.

Lakini naye ana mipaka. Haruhusiwi kuingia ndani ya nyumba ya kuishi baada ya jua kuzama wala kabla halijachomoza. Sheria ya mwenendo wa madai inaacha nje ya ukamataji nguo zako za kuvaa, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya familia, zana za fundi, zana za mkulima, na nyumba ambayo mdaiwa anaishi na familia yake, mradi hukuiweka rehani. Fundi cherehani asikubali cherehani yake ibebwe bila kulitaja hilo pale pale na kuliandika kwenye orodha.

Kitu kisicho chako, kwa mfano pikipiki ya mdogo wako iliyolala hapo, mwenyewe afungue pingamizi kwenye mahakama iliyotoa hati, kabla mnada haujafanyika. Risiti na kadi ya pikipiki ndizo zitakazosema kwa niaba yake.

Kuna kifungo cha madai pia, watu hutishwa nacho sana. Kipo, ila kina safari: mahakama hukuita kwanza ujieleze kwa nini usifungwe, na mdai ndiye hulipia gharama za kukutunza gerezani. Ukiwa huna kitu kweli, nenda ukaseme, na uthibitishe.

Kwa nyumba iliyowekwa rehani benki, hakuna mtu anayeamka na kuiuza. Inatakiwa notisi ya siku 60 ya kukutaarifu kwamba umeshindwa masharti, na mnada wenyewe utangazwe siku zisizopungua 14. Kama ni nyumba ya ndoa, mwenzi wako alipaswa kuridhia rehani hiyo. Ukiona ridhaa ina saini ambayo si yake, huyo mwenzi aende kwa wakili wiki hiyo hiyo, asingoje tangazo la mnada libandikwe ukutani.

Hatua ya 7: Deni likiwa lako kweli

Piga hesabu mwenyewe. Wakopeshaji wa daraja la pili wamewekewa riba isiyozidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Ulikopa 500,000 kwa miezi mitatu: riba ni 17,500 kwa mwezi, jumla 52,500. Unatakiwa kurudisha 552,500. Mtu akikudai 900,000, muulize zile 347,500 zimetoka mstari gani wa mkataba. Kausha damu, yaani wakopeshaji wa riba kali, wengi hawana jibu la swali hilo, ndiyo maana hupenda kulijibu kwa kelele.

Kisha pendekeza kiasi unachokiweza, kwa maandishi, na uweke pungufu kidogo ya uwezo wako. Ahadi ya 30,000 kwa wiki inayotimia ina nguvu kuliko ya 100,000 inayovunjika wiki ya pili. Chakula, kodi ya nyumba na ada vitangulie kwenye hesabu yako. Tafadhali usikope kwingine kulipa hapa. Nimeona mwalimu akianza na mkopo mmoja wa laki tatu na ndani ya mwaka ana wadai watano.

Kama mkopeshaji anashikilia kadi yako ya benki na namba ya siri, nenda tawini uifunge na uombe nyingine. Deni linabaki, utalilipa, lakini mshahara utaupokea wewe.

Hatua ya 8: Wakikutisha au kukuaibisha

Picha yako imesambazwa kwenye makundi ya WhatsApp imeandikwa "mwizi". Bosi amepigiwa. Mama mkwe ametumiwa ujumbe. Hifadhi kila kitu kabla hakijafutwa: picha za kioo zenye namba, tarehe na saa. Kwa mkopeshaji, wasilisha malalamiko kwake kwanza, kisha yapeleke Benki Kuu. Ofisi zake zipo Dodoma, Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, Mbeya, Mtwara na Zanzibar. Kuchukua majina ya simu yako na kutangaza deni lako ni suala la Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chini ya sheria ya mwaka 2022. Matusi na vitisho vya kwenye simu vinaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, peleka polisi. Ujumbe wa kitapeli wa "tuma kwenye namba hii", utume kwenda 15040.

Huna hela ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwapa nafasi wasaidizi wa kisheria walioko wilayani na kwenye kata. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako ni nani anayehudumia kata yenu.

Ukimaliza kulipa

Omba barua ya kumaliza deni yenye muhuri, urudishiwe hati au kadi ya gari uliyoweka, na fomu ya udhamini ifutwe mbele ya mdhamini wako. Weka pamoja na risiti zote kwenye bahasha moja, kwa angalau miaka 6. Na mwambie mtu mmoja hapo nyumbani bahasha hiyo inakaa wapi.